Siku Mnoa Misumeno Aliposimama

Evert Hoogland alinoa misumeno ya kiwanda cha mbao kwa miaka thelathini na minne, na kazi hiyo ilimwachia vitu vitatu: malipo ya uzeeni, vidole tisa, na sikio la mpelelezi. Akipita na baiskeli yake ng'ambo ya reli, aliweza kusimama ghafla na kusema, "Msumeno wa pili umeanza kuwa butu," kisha akaingia kiwandani siku yake ya mapumziko kuwaambia waliokuwa zamu. Unaweza kukisia walivyompenda.

Wazazi wake walimleta hapa bondeni akiwa na miaka sita, kutoka Uholanzi, nchi ambayo maji yamejengewa kuta yakaambiwa yakae. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtoto akafika huku kaskazini mwa British Columbia, Kanada, akakuta mto unakwenda utakako na watu wanaingia humo watakavyo, akaona hapa pana kazi ya maisha. Mengine yote aliyafanya kama ya kupitishia muda: akamwoa Tjitske, mwanamke mpole mwenye mabega mapana, akazaa mabinti wawili ambao, kwa busara yao, waliolewa mbali, akawa mzee wa kanisa. Lakini kilichomkosesha usingizi kilikuwa ni mto.

Tunachokifuata mtoni ni samaki anayeitwa kichwachuma. Ni trauti tu, ila huyu alizaliwa mtoni, akaenda baharini kutafuta ukubwa, akarudi na kiburi. Wengine wanarudi mwezi wa nne, barafu ikiwa bado imeng'ang'ania kingoni, na sisi tunavaa suruali za mpira zinazofika kifuani na kuingia majini kuwapokea. Ukimpata mmoja kwa wiki, wewe ni mtu wa kuonewa wivu. Na ukishampata, serikali inakutaka umrudishe majini. Yaani watu wazima, wengine wana wajukuu, wanagandishwa na baridi tangu asubuhi ili washike kitu, wakitazame, wakiachie. Dada yangu aliwahi kuniuliza faida yake nini. Nilimwambia asiulize maswali ya kijinga.

Kwenye Mkondo wa Daraja Bovu, ambao ndio bora kuliko yote, kuna sheria moja. Unaanzia juu, kichwani mwa mkondo. Unatupa mshipi, unashuka hatua mbili. Unatupa tena, unashuka hatua mbili. Aliye nyuma yako anakufuata vivyo hivyo, mpaka mkiani, ambapo unatoka, unarudi juu kwa miguu na kushika nafasi ya mwisho. Humpiti mwenzako. Na kamwe huingii majini chini ya mtu, kwa sababu utakuwa umemnyang'anya samaki ambao alikuwa bado hajawafikia. Fundi wetu wa magari aliwahi kumchukua mke wa mtu, na bado anaalikwa chakula cha Krismasi. Aliyeingia chini ya mtu pale Daraja Bovu alihamia Alberta, mkoa mwingine kabisa.

Sheria hiyo haikuwa imeandikwa popote mpaka Evert alipoiandika. Alichoma maneno kwenye ubao wa mwerezi, akaupigilia mahali tunapoegesha magari: TUPA. PIGA HATUA MBILI. Kisha, kwa kuwa aliona ubao hauna mdomo, akajitolea kuwa mdomo wake. Kwa miaka arobaini, yeyote aliyezubaa kidogo alisikia kutoka nyuma yake sauti kama ya mlango wenye kutu: "Hatua!" Alimfokea daktari. Alimfokea bwana wanyamapori aliyekuja kumkagua yeye. Alimfokea mchungaji wake mwenyewe, Jumatatu ya Pasaka.

Na alinifokea mimi. Naitwa Roswitha Penner, naendesha basi la shule, na sina tabia ya kuweka kinyongo zaidi ya miaka ishirini. Hiki changu kilikuwa na miaka kumi na tisa tu. Nilikuwa nimemzika mume wangu, Wendell, wiki tatu kabla. Nikachukua fimbo yake ya kuvulia na chupa yake ya kahawa, nikaenda Daraja Bovu, nikaingia majini, na hapo katikati ya mkondo kilio kikanishika. Nilisimama tu. Sikuweza kwenda mbele wala nyuma. Nikasikia, "Mama, hapa hatusimami. Tupa, piga hatua." Nikageuka, machozi mpaka shingoni, nikamwona Evert Hoogland ananitazama kama ninavyotazama gari lililoegeshwa kwenye kituo cha basi langu. Watu wamenieleza tangu siku ile kwamba maneno yale yalikuwa na hekima ndani yake, ukiyafikiria vizuri. Hayakuwa na hekima yoyote. Alitaka kuvua.

Basi. Jumamosi moja ya mwezi wa nne, Evert akiwa na miaka sabini na saba na magoti yasiyo yake, ya kuwekewa na daktari, tulikuwa wanne pale Daraja Bovu. Evert wa kwanza, kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika kabla yake. Mimi wa pili. Wa tatu Lorne Stubbs wa posta, anayejua siri za mji mzima na kuzitunza kwa kuwaambia watu wachache wachache. Wa mwisho Gurnam Dhaliwal, dereva wa magari ya magogo, mtu mkubwa kama kabati, anayezungumza na samaki kwa Kipunjabi kwa kuwa Kiingereza, anasema, wamekizoea.

Saa tatu asubuhi tuliingia. Jua lilikuwa linatoka vizuri, siku ya kwanza ya joto mwaka ule, theluji inang'aa juu milimani. Evert akatupa, akashuka hatua mbili. Nikatupa, nikashuka mbili. Ilikwenda hivyo vizuri mpaka katikati ya mkondo, mkabala na msonobari ulioanguka. Hapo Evert akatupa. Nikasubiri hatua. Akatupa tena. Hakuna hatua. Akatupa mara ya tatu, mtupo mzuri, mshipi ukalala juu ya maji bila kurusha tone, naye amesimama pale pale.

Kwa mtu mwingine yeyote ningesema amechoka. Lakini huyu alikuwa Evert.

"Anafanya nini huyo?" Lorne aliuliza nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

"Anavua."

"Hapana, mama. Amesimama. Nimehesabu mitupo kumi na moja. Amesimama!"

"Shh!"

"Kumi na mbili."

Sasa, lazima ujue adabu yetu watu wa huku. Mtu akikukanyaga dukani, wewe ndiye unayemwomba radhi, kwa kuweka mguu wako chini ya wake. Kumwambia mzee wa miaka sabini na saba kwamba anavunja sheria, tena sheria yake, lilikuwa jambo lisilowezekana. Kumpita, haiwezekani. Kuingia chini yake, Alberta ni mbali. Kwa hiyo tulifanya kile ambacho watu wenye adabu hufanya: tulitoka majini, tukakaa kwenye gogo ufukweni hatua thelathini hivi kutoka kwake, na kumsengenya.

Niseme ukweli, ilikuwa raha. Gurnam alifungua chapati zenye viazi alizofungiwa na mkewe, za moto bado, akagawa. Mimi nilikuwa na kahawa kwenye chupa ya Wendell. Jua linapiga uso. Na mbele yetu, kama mchezo ulioandaliwa kwa ajili yetu, Evert Hoogland anavunja sheria ya Evert Hoogland, mtupo baada ya mtupo.

"Mkuki kwa nguruwe," nilisema.

"Sheria ni msumeno, bwana," Lorne akasema. "Hukata mbele na nyuma. Na huyu ndiye aliyekuwa akiinoa!"

Gurnam alicheka mpaka chapati ikampalia, nikalazimika kumpiga mgongoni. "Dada," alisema alipopata pumzi, "mwaka juzi alinifokea nikiwa na samaki kwenye ndoana. Nina samaki! Ananiambia piga hatua. Nimpigie hatua samaki naye yuko kwenye mshipi?"

"Ukampigia?"

"Nikampigia! Mshipi ukakatika!"

Tulicheka tena. Saa ikapita, na nusu nyingine. Lorne ndiye aliyegundua kwamba Evert alikuwa anazidi kuingia. Mwanzo maji yalikuwa yanamfika mapajani. Sasa yalikuwa kiunoni.

"Mtazame! Anajisogeza katikati, asibakishe hata mmoja. Hatua za kwenda kando anazo. Za kwenda mbele ndizo hana!"

Hilo lilitumaliza. Nililia kwa kucheka. Nilitamani Wendell angekuwepo. Evert hakugeuka, alitupa tu, polepole zaidi sasa, na mimi nikasema anaringa.

Kilichofuata ni kwamba chupa yangu ya kahawa iliondoka. Nilikuwa nimeisimamisha kwenye kokoto, mbali na maji, au niseme palipokuwa mbali na maji tulipokaa. Nilipogeuka kujimiminia, ilikuwa imelala inaelea, inashuka na mto. Nilikimbia ufukweni nikipiga kelele. Mto uliipeleka moja kwa moja kwa Evert. Ikapita mbele yake, umbali wa mkono. Aliitazama inakuja, akaitazama inapita, hakunyoosha hata kidole.

Chupa ya Wendell. Nilisikia kitu kikinipanda kutoka miguuni. Miaka kumi na tisa yote ilipanda nacho. Sikukumbuka adabu wala radhi. Nilishuka ufukweni mbio mpaka nikampita Evert, nikaingia majini mbele yake, chini yake kabisa, na kuanza kupanda kumwelekea.

"Roswitha!" Lorne alipiga yowe, kama mtu aliyeona nyumba inaungua. "Roswitha, unaingia chini ya mtu!"

"Niacheni!"

Maji yalikuwa na nguvu kuliko asubuhi. Sikulitilia maanani hilo. Nilikuwa na kazi. Nilipofika hatua tatu kutoka kwake nilivuta pumzi, na kumwambia kile nilichokuwa nikikifanyia mazoezi jikoni kwangu tangu nikiwa na nywele nyeusi.

"Mzee Evert! Hapa hatusimami! Tupa, piga hatua!"

Akainua uso. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Alikuwa anatetemeka kiasi kwamba ncha ya fimbo ilikuwa inachora maji.

"Mguu," alisema.

"Nini?"

"Mguu wangu, Roswitha. Umebanwa na mawe."

Nilitazama chini. Hakuwa amejisogeza katikati, na kina kile hakikuongezeka kwa kutembea. Theluji ilikuwa inayeyuka juu milimani, mto ulikuwa unapanda, na yeye alikuwa pale pale alipokuwa saa tatu na dakika chache. Maji yalikuwa yamebakiza upana wa kiganja kufika ukingo wa suruali yake ya mpira. Yakiingia humo ndani, inajaa kama ndoo, na hakuna mwanadamu anayesimama nayo.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipokuwa nyuma yangu."

Nikageuka ufukweni, nikapiga kelele ambazo sijawahi kuzipiga hata basini. "Gurnam! Mtaimbo! Amenaswa!"

Sifa za Gurnam ni kwamba hakuuliza swali. Aliondoka mbio na suruali yake ya mpira ikipiga kelele kama bata, na kabla sijamshika Evert vizuri kwapani alikuwa amerudi kutoka kwenye pikapu na mtaimbo na mkanda wa kufungia mizigo. Sifa za Lorne nazo nitazisema. Aliingia majini bila kusita, akamshika mzee upande wa pili, na kitu cha kwanza kumtoka mdomoni kilikuwa, "Samahani, Mzee, je, ungependa tukusaidie?"

"Mshike, mjinga wewe!" nilimwambia.

Tulimfunga mkanda chini ya mikono, tukauzungusha kwenye ule msonobari ulioanguka. Gurnam akazama mpaka kidevuni akitafuta jiwe kwa miguu. Alisukuma mtaimbo, akaegemea. Hakuna kitu. Akaegemea tena, akisema maneno ya Kipunjabi ambayo hayakuwa ya samaki. Maji yalikuwa yameufikia ukingo wa suruali na kuanza kumwagika ndani, kidogo kidogo; Evert alifumba macho yalipomgusa tumbo. Hakulalamika. Nilimkumbatia mtu niliyemchukia kwa miaka kumi na tisa na kumwambia sikioni, "Usinifie hapa, Mzee, usithubutu, nitakuua." Mara ya tatu jiwe likasogea. Kiatu kilibaki mtoni. Mguu ulitoka, umepinda vibaya, na sote wanne tukaanguka juu ya kokoto kama mzigo wa samaki.

Gurnam alimpeleka hospitali kwenye pikapu, hita imefunguliwa mpaka mwisho, Evert amefungwa kwenye makoti yetu matatu. Kifundo kilivunjika mahali pawili. Daktari, yule yule aliyewahi kufokewa, alisema dakika ishirini zaidi na angekuwa anaandika karatasi ya aina nyingine.

Mji wetu unapojutia jambo huoka mikate ya ndizi. Tulipokwenda kumwona baada ya siku tisa, sisi watatu, Tjitske alikuwa ameshapokea saba, na Lorne alikuwa ameleta wa nane. Tuliketi jikoni. Evert alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mguu juu ya stuli, amekonda. Tjitske akatupakulia supu ya njegere, nzito mpaka kijiko kinasimama. Tulizungumza habari za hali ya hewa kwa muda mrefu sana. Mimi, niseme, nilikuwa nasubiri nishukuriwe.

Lorne ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Lakini Mzee, kwa nini hukuita? Tulikuwa pale pale. Hatua thelathini!"

"Niliwasikia," Evert akasema.

"Ulitusikia?"

"Kila neno. Mkuki kwa nguruwe. Hatua za kwenda kando." Alisema bila hasira, kama anavyosema msumeno upi umekuwa butu. "Niliwasikia mkicheka. Nikajua mmekubaliana."

"Tumekubaliana nini?"

"Kuniacha."

Tjitske alisimama na upawa mkononi. Lorne akacheka peke yake. "Ah, Mzee na utani wako!" Lakini hakuna mtu katika bonde hili aliyewahi kumsikia Evert Hoogland akitania.

"Nilifikiri hivi," Evert akaendelea, akitazama nje. "Mtu hawezi kumwona mwenzake amesimama masaa mawili kwenye maji ya barafu asimwulize kitu. Basi wameona, na wameamua. Nikawahesabu niliowahi kuwafokea, kila mmoja na siku yake. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikaona hamjakosea sana. Sasa nikiita, nitamwita nani? Nikaendelea kutupa, nisionekane naomba."

"Mzee," Gurnam alisema, akaweka kijiko chini, "Mungu ni shahidi yangu, hatukujua."

"Najua. Sasa najua." Akanyoosha mkono, ule wenye vidole vinne, akaushika wangu. Ulikuwa bado wa baridi, au mimi ndiye niliyeuhisi hivyo. "Wewe ulikuja, Roswitha. Kati ya wote, wewe ndiye uliyekuja. Sitasahau."

Akaningoja niseme kitu. Wote wakaningoja. Nilijua kilichonipeleka mle majini, na nilijua kwamba pale kwenye gogo, yeye akiwa kwenye barafu na sisi tunacheka, nilifurahi kuliko siku yoyote tangu nimzike mume wangu. "Si kitu, Mzee," nilisema, nikainamia supu.